Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Chakula, Ubongo na Hisia Zetu

Katika toleo lililopita tuliandika, kwa mistari michache tu, kwamba takriban nusu ya uzito mkavu wa ubongo wa binadamu, au zaidi kidogo, ni mafuta, na kwamba baadhi ya mafuta hayo mwili hauwezi kujitengenezea, hivyo hauna budi kuyapata kwenye chakula. Mistari hiyo imeleta barua nyingi kuliko tulivyotazamia, nyingi zikitoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, ninachokimimina kwenye sufuria kinaweza kumfanya mtu awe na huzuni, hasira au utulivu? Tumechagua barua tano. Majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Mume wangu ana sonona. Je, mafuta ya samaki yatamponya?

*Mume wangu aliachishwa kazi mwaka jana, na tangu mwezi wa nne hali yake imebadilika. Hapati usingizi, chakula kinamshinda, hataki kuonana na ndugu, na siku nyingine hatoki kitandani hadi saa sita mchana. Hospitali walisema ni sonona wakampa dawa. Sasa jirani yetu anauza vidonge vya mafuta ya samaki, shilingi 60,000 kwa chupa ya vidonge 60, na anasema vinatibu sonona kabisa, hivyo mume wangu aachane na dawa za hospitali. Nifanye nini? – Mama wa watoto watatu, Pasua, Moshi.*

Pole sana, mama, kwa mzigo ulioubeba miezi yote hii. Naanza na lililo la haraka: mume wako asiache dawa za hospitali kwa ushauri wa jirani, hata kama jirani huyo ana nia njema. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi na kurudi kwa ugonjwa wenyewe. Kama zinamsumbua, arudi kwa daktari aliyemwandikia, ambaye anaweza kubadilisha dawa au kupunguza kipimo taratibu. Na iwapo siku yoyote atatamka maneno ya kutamani kufa, au ataanza kugawa vitu vyake na kuaga watu, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali ya Mawenzi au KCMC saa hiyo hiyo, na asiachwe peke yake hata dakika moja.

Sasa tuje kwenye vidonge vyenyewe. Jirani yako hakuzua yote anayoyasema. Mafuta ya samaki yana asidi mbili za mafuta za kundi la omega-3, zinazojulikana kwa vifupisho vya DHA na EPA. DHA hukaa ndani ya utando unaozunguka seli za neva, na kwa kuwa umbo lake limejipinda mahali pengi, huufanya utando huo uwe mwororo, jambo linalosaidia vipokezi vya kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva, kama serotonini na dopamini, kufanya kazi yake. EPA haijikusanyi sana kwenye ubongo. Kazi yake kubwa iko katika damu na mfumo wa kinga, ambako hupunguza makali ya kemikali zinazouwasha mwili unapopambana na ugonjwa. Yeyote aliyewahi kulala na malaria anaijua hali hiyo: hamu ya chakula hupotea, mtu hujitenga, hata sauti ya mtoto wake mwenyewe humchosha. Kemikali za kinga ndizo zinazoufikia ubongo na kuunyamazisha. Baadhi ya wagonjwa wa sonona, ingawa si wote, huwa na kiwango cha juu cha kemikali za namna hiyo katika damu hata pale wasipokuwa na homa yoyote.

Ushahidi unaonigusa zaidi katika jambo hili ulitolewa na madaktari wa Taiwan mwaka 2014. Walikuwa na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakielekea kuanza kutibiwa kwa interferoni, dawa inayojulikana kwa kuwaletea sonona wengi wa wanaoitumia kwa sababu huiamsha kinga kwa nguvu. Kwa wiki mbili kabla ya tiba, kundi moja lilipewa EPA, la pili DHA, na la tatu mafuta yasiyo na dawa yoyote. Baadaye sonona iliwapata asilimia 30 ya waliopewa mafuta yasiyo na dawa, asilimia 28 ya waliopewa DHA, na asilimia 10 tu ya waliopewa EPA. Matokeo hayo yanalingana na majaribio mengine kadhaa, ambamo vidonge vyenye EPA nyingi kuliko DHA ndivyo vilivyoleta nafuu kwa wagonjwa wa sonona, kwa kawaida vikitumika pamoja na dawa za hospitali na kwa kipimo cha gramu 1 hadi 2 za EPA kwa siku.

Lakini ukichukua majaribio yote na kuyapima pamoja, nafuu hiyo ni ndogo, na majaribio mengi yalikuwa madogo au hayakufanywa kwa umakini wa kutosha. Tena kuna tofauti kati ya kumsaidia aliyekwisha ugua na kumkinga mzima asiugue. Nchini Marekani, watu 18,353 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wasio na sonona, walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano, nusu yao wakimeza gramu 1 ya mafuta ya samaki kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: mafuta hayo hayakuwakinga, na kwa kweli waliougua walikuwa wengi kidogo katika kundi lililoyameza.

Sasa piga nami hesabu ya chupa ya jirani. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 za mafuta ya samaki huwa na takriban miligramu 180 za EPA. Ili kufikia gramu 1 mume wako angehitaji kumeza vidonge visivyopungua vitano au sita kila siku, maana yake chupa moja itaisha ndani ya siku kumi, na mwezi mmoja utawagharimu shilingi 180,000. Kwa nyumba ambayo kipato chake kimekatika, siwezi kukushauri utumie fedha hizo. Soma kibandiko cha chupa yoyote unayoletewa, na utafute idadi ya miligramu za EPA yenyewe, kwa sababu namba kubwa iliyoandikwa mbele ni ya mafuta yote kwa jumla. Na kama mume wako anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au ana tatizo la mapigo ya moyo, daktari lazima aambiwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Kuna njia nyingine iliyojaribiwa ambayo naiona inafaa zaidi nyumbani kwako. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio dogo la watu 67 wenye sonona ya kati na kali, wengi wao wakiwa tayari kwenye matibabu. Kwa wiki kumi na mbili, nusu yao walifundishwa na mtaalamu wa lishe kula mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni, huku wakipunguza vitu vitamu, vya kukaanga na soseji. Nusu nyingine walipata mtu wa kuzungumza naye kwa muda uleule. Kwa mwisho wa jaribio, asilimia 32 ya kundi la chakula walikuwa wamepona kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na sonona, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la mazungumzo. Washiriki walijua wako kundi gani, na hilo hupunguza uzito wa matokeo, lakini chakula chenyewe hakina hatari, na sehemu kubwa yake iko katika soko la Mbuyuni: maharage, mchicha, parachichi, ndizi, dagaa. Badala ya mafuta ya zeituni, ambayo bei yake najua si ya watu wa kipato chetu, parachichi lina mafuta ya aina hiyo hiyo. Mpikie, kaa ule naye mezani, na umshike mkono mwende kliniki pamoja siku yake ikifika.

Mama mkwe amenikataza samaki

*Mimi ni Mpare wa Mwanga, nimeolewa Ngaramtoni. Kwetu nimekua nikila perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu karibu kila wiki. Sasa nina ujauzito wa miezi mitano, na mama mkwe, ambaye namheshimu sana, anasema samaki si chakula cha nyumba hii, na kwamba nikila mtoto atazaliwa mwenye woga. Sitaki ugomvi, lakini moyo wangu hautulii. – Binti wa Upareni.*

Hongera, mwanangu, na Mungu akufikishe salama. Barua yako imenigusa kwa namna ya pekee, kwa sababu kwa miaka mingi nilifanya kazi katika kliniki za mama na mtoto, na naamini kwa dhati kwamba kama kuna wakati mmoja katika maisha ambapo mafuta ya samaki yana uzito mkubwa kwa ubongo, ni huu ulio nao wewe sasa.

Ubongo wa mtu mzima huchukua DHA kidogo mno. Watafiti waliopima kwa mashine za picha walikadiria takriban miligramu 4 kwa siku, na kwamba nusu ya DHA iliyomo kwenye ubongo huchukua kama miaka miwili na nusu kubadilishwa. Kwa mtoto aliye tumboni mambo ni tofauti kabisa. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na miaka miwili ya kwanza baada ya kuzaliwa, ubongo unajengwa kwa kasi ambayo hautaijua tena, na DHA hurundikwa ndani yake kila siku. Yote hutoka kwa mama, kwanza kupitia kondo la nyuma, kisha kupitia maziwa, na kiasi kilichomo kwenye maziwa hufuata kile anachokula mama.

Ama kuhusu woga wa mtoto, wanachoonyesha wanyama wa maabara ni kinyume cha anachohofia mama mkwe. Mwaka 2014 watafiti wa Singapore waligundua protini iliyo kama bawabu kwenye mishipa midogo ya damu ya ubongo, inayoiruhusu DHA kuingia. Panya waliozaliwa bila protini hiyo walikuwa na ubongo mdogo, DHA pungufu na woga mkubwa usio wa kawaida. Miaka mitatu kabla yake, huko Bordeaux nchini Ufaransa, panya waliolishwa chakula kisicho na omega-3 ya kutosha tangu wakiwa tumboni mwa mama zao walionekana kuwa na kasoro katika sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosaidia kuratibu hisia. Ubongo hujitengenezea kemikali ya kutuliza ishara kati ya seli, ambayo hutumia vipokezi vilevile vinavyoguswa na bangi, na kwa panya hao utulizaji huo ulikuwa umekoma. Panya si binti wa Upareni, nalijua hilo. Hata hivyo ni vigumu kuutazama ushahidi huo na kusema kwamba samaki ndiye anayeleta woga.

Tena kuna utafiti unaokuhusu wewe kwa karibu kuliko panya wa Ulaya. Watafiti wa Uholanzi waliwapima akina mama wa Tanzania wa jamii tatu na watoto wao, na matokeo yalichapishwa mwaka 2012: Wamasai wasiokula samaki, Wapare waliokula mara mbili au tatu kwa wiki, na akina mama wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, waliokula mara nne au tano. Walipima DHA katika chembe nyekundu za damu. Mama mwenye DHA chache alizaa mtoto mwenye DHA nyingi kuliko yake mwenyewe, kana kwamba mwili ulikuwa umekung'uta ghala ili mtoto asikose, na mama akabaki na upungufu. Pale ambapo mama alikuwa nayo ya kutosha, wote wawili walikuwa sawa. Napenda umwambie mama mkwe jambo hili kwa heshima yote, kwa sababu linaonyesha kwamba wanawake wa jamii zisizokula samaki, kama yake, wamewalea watoto wazima na imara bila samaki, na kwamba miili yao ndiyo iliyolipa. Huku si kuwadharau.

Sitaki kukuahidi kupita kiasi. Katika jaribio kubwa la Australia lililotoa matokeo mwaka 2010, wajawazito wapatao 2,400 walipewa vidonge vya mafuta ya samaki vyenye DHA au vya mafuta ya mimea, na DHA haikupunguza huzuni ya mama baada ya kujifungua wala haikuongeza akili ya watoto walipopimwa wakiwa na miezi kumi na minane. Wengi wa akina mama hao walikuwa wakiishi mahali ambapo chakula hakikuwa haba, na vidonge juu ya shibe havionyeshi mengi. Jambo ambalo limeonekana wazi, majaribio mengi yalipojumlishwa mwaka 2018, ni kwamba omega-3 wakati wa ujauzito hupunguza uzazi wa kabla ya wakati: kuzaa kabla ya wiki ya 34 kulipungua kutoka takriban asilimia 4.6 hadi 2.7. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni amepewa muda wa kuukamilisha ubongo wake, na kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu tosha.

Kula samaki mara mbili kwa wiki, ikiwezekana. Perege wanafaa, na dagaa wanafaa zaidi kwa bei na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake. Papa na samaki wengine wakubwa walao wenzao uwaache kwa sasa, maana hurundika zebaki. Usile kwa kujificha, mwanangu, kwa sababu siri ya jikoni ikifichuka huumiza kuliko samaki mwenyewe. Mwombe mumeo azungumze na mama yake, au mwombe muuguzi wa kliniki amweleze siku mtakapokwenda pamoja. Kama harufu ndiyo inayomkera, dagaa wakavu waliooshwa, wakakaushwa tena na kusagwa, huingia kwenye mchicha wa karanga bila kusumbua nyumba nzima.

Je, mafuta ya madukani yanaharibu vichwa vya vijana?

*Sisi wazee wa Marangu tulikua kwa samli, maziwa na nyama yenye mafuta. Leo kila nyumba inapikia mafuta ya alizeti au ya mawese, na naona vijana wana hasira na mawazo mengi. Je, mafuta haya ndiyo sababu? – Mzee wa Marangu.*

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako ni zuri, na sehemu yake ina ukweli, ingawa si pale ulipoonyesha kidole.

Mwaka 1929 mtu na mkewe, George na Mildred Burr, wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya wakadumaa, ngozi na mikia yao ikatoka magamba, kisha wengine wakafa, na kilichowaponya waliobaki kilikuwa mafuta ya aina ileile iliyojaa kwenye alizeti, ambayo leo tunaiita omega-6. Kwa hiyo alizeti si sumu. Ni mafuta ya lazima, na ubongo wenyewe umejaa asidi moja ya ukoo huo. Tatizo huja pale yanapokuwa peke yake. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani walieleza habari za binti wa miaka sita aliyepigwa risasi tumboni, akawa analishwa kwa mshipa kwa miezi kadhaa mafuta yaliyokuwa na omega-6 tele na omega-3 karibu hakuna. Akaanza kufa ganzi, miguu ikakosa nguvu, macho yakaona ukungu. Walipombadilishia mafuta ya soya, yenye aina zote mbili, dalili zikaondoka. Alizeti yetu nayo karibu haina omega-3 kabisa. Kijana anayekula ugali, nyama na chipsi za alizeti mwaka mzima, bila samaki wala mboga za majani, ana upungufu ambao mafuta ya chupa hayawezi kuuziba.

Kuhusu mawese na samli, yaani mafuta yanayoganda, watafiti wa Montreal nchini Kanada waliwalisha panya vyakula viwili vyenye mafuta mengi sawasawa, kimoja cha mawese na kingine cha zeituni. Kwa mujibu wa matokeo yao ya mwaka 2016, njia za dopamini, zinazompa kiumbe ari na raha ya kutenda, zilidhoofika kwa waliokula mawese na hazikudhoofika kwa waliokula zeituni. Zingatia, mzee wangu, kwamba nusu ya nguvu yote katika chakula hicho ilitokana na mafuta, kiasi ambacho mpishi wa kawaida wa Marangu hakifikii. Na samli ya enzi zenu inaganda vilevile. Nadhani ilichowafaa ni kwamba ilikuwa kidogo, na mliila pamoja na ndizi, maharage, mboga za kihamba, yaani shamba la nyumbani, na kazi ya kupanda na kushuka mlima kutwa.

Hasira za vijana wa leo zina mizizi mingi zaidi ya chungu cha kupikia: vihamba vimegawanywa hadi vikawa vipande, kazi hazipatikani, na usiku wengi hawalali. Sithubutu kuyaweka yote hayo ndani ya chupa ya mafuta.

Wanafunzi wangu wanapigana

*Ni mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya bweni hapa Arusha. Wavulana wanagombana kila wiki, hasa karibu na mitihani. Chakula chao ni ugali na maharage, makande, na chipsi wanazonunua getini. Je, kubadilisha chakula kungesaidia? – Mwalimu.*

Mwalimu, kuna majaribio matatu unayopaswa kuyajua. Huko Japani, mwaka 1996, wanafunzi 41 wa chuo walipewa vidonge vya DHA au vya mafuta ya kawaida kwa miezi mitatu iliyoishia kwenye mitihani. Ukali ulipanda kwa waliopewa mafuta ya kawaida na haukupanda kwa waliopewa DHA. Katika gereza la vijana la Aylesbury nchini Uingereza, wafungwa 231 walipewa vitamini, madini na asidi za mafuta kwa pamoja, au vidonge vitupu, bila wao wala askari kujua nani amepewa nini. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba makosa ya nidhamu yalikuwa pungufu kwa asilimia 26 kwa waliopata virutubisho. Uholanzi nayo ilijaribu jambo linalofanana na hilo kwa vijana wafungwa, na mwaka 2010 ikaona taarifa za vurugu zimepungua, ingawa vijana walipoulizwa wenyewe kuhusu hasira zao hakukuwa na tofauti. Katika majaribio hayo mawili ya magerezani haiwezekani kusema ni mafuta yaliyofanya kazi na si madini au vitamini. Mimi nalisoma hili kama ushahidi wa kumlisha kijana chakula kamili, na ndiyo maana ningekushauri upeleke hoja kwa mkuu wa shule kwamba dagaa waingie kwenye ratiba mara mbili kwa wiki, pamoja na mboga za majani kila siku. Ni rahisi kuliko nyama, kwa hiyo bajeti haitakuwa kisingizio.

Chipsi za getini zinanipa wasiwasi kwa sababu nyingine. Mafuta yanayochemshwa siku baada ya siku hadi yakawa meusi huvunjika na kutoa kemikali zenye madhara mwilini. Na pale yanapotumika mafuta magumu yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni, huwa na mafuta ya transi, ambayo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula kufikia 2023 kwa sababu ya magonjwa ya moyo. Nchini Hispania na Marekani, waliokula transi nyingi zaidi walionekana pia kuwa na sonona au ukali zaidi, ingawa tafiti za namna hiyo haziwezi kuthibitisha kwamba transi ndizo zilizosababisha. Mwuza chipsi anaweza kuombwa abadilishe mafuta mara kwa mara, na shule ina haki ya kumwomba.

Mbegu za maboga zinatosha?

*Sili samaki wala nyama. Nimeambiwa mbegu za maboga zina omega-3 nyingi. Ni kweli? – Msomaji, Sakina, Arusha.*

Si kweli, dada. Mbegu za maboga zina madini mazuri, ila mafuta yake ni omega-6 kwa sehemu kubwa. Zenye omega-3 ya mimea kwa wingi ni mbegu za chia na za kitani, ambazo zaidi ya nusu ya mafuta yake ni ya aina hiyo. Soya ina kiasi, na mboga za majani zina kidogo. Mwili huibadilisha omega-3 ya mimea kuwa DHA kwa shida: kwa wanaume, vipimo vingi vimeonyesha chini ya asilimia 1, na kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa kiasi huwa kikubwa zaidi kwa msaada wa homoni ya estrojeni. Kijiko kikubwa cha chia au cha kitani kilichosagwa kila siku kinatosha kwa mtu mzima mwenye afya. Kitani kisagwe siku ya kutumia, kwa sababu unga wake ukikaa juani au karibu na jiko huchacha upesi. Ukipata ujauzito, muulize daktari kuhusu vidonge vya DHA vinavyotokana na mwani. Samaki nao huipata DHA kutoka kwenye mwani huo huo, kwa hiyo utakuwa umeichota pale pale inapoanzia.